Kuruka Juu Huanza kwa Kutua Vema

Mwezi Desemba 1891, katika mji wa Springfield, Marekani, mwalimu James Naismith alitundika vikapu viwili vya matunda kwenye roshani ya ukumbi wa mazoezi. Kimo chake kilikuwa futi 10, yaani mita 3.05, nacho hakijabadilika hadi leo. Si ajabu basi kwamba kila kijana apendaye mpira wa kikapu hutamani kuruka juu zaidi. Tamaa hiyo ni njema, lakini ikikosa maongozi yaweza kumtoa kiwanjani mapema.

Mifupa ya kijana ingali ikirefuka. Karibu na ncha zake mna gegedu laini, na mahali kano zinaposhikana na mfupa huumia upesi. Mnamo 1903 madaktari wawili, Robert Osgood wa Marekani na Carl Schlatter wa Uswisi, kila mmoja kwa upande wake, walieleza maradhi yawapatayo vijana wanaobalehe: maumivu na uvimbe chini kidogo ya pia ya goti. Kijana wa namna hiyo asiambiwe avumilie. Apunguziwe kuruka mpaka maumivu yatulie. Yasipotulia, apelekwe kwa daktari.

Yako mazoezi ya kujiangusha kutoka juu ya sanduku na kuruka tena papo hapo, ambayo Yuri Verkhoshansky aliyakuza katika Urusi ya Kisovieti miaka ya 1960. Yalikusudiwa wanariadha waliokwisha kujenga nguvu nyingi. Anayeanza asiyaige, bali afuate hatua tatu.

Kwanza, ajifunze kutua. Ashuke kwa sehemu ya mbele ya nyayo, akunje magoti na nyonga, na magoti yaelekee vidoleni bila kuingia ndani. Akitua kwa kishindo, bado hajajua. Wasichana hasa walizingatie jambo hili, kwani baada ya kubalehe huumia kano za ndani ya goti mara nyingi kuliko wavulana.

Pili, ajenge nguvu kwa uzito wa mwili wake: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda kidato kwa mguu mmoja, kuinuka kwa vidole na kujisukuma kutoka sakafuni. Wazazi wengi huhofu kwamba kunyanyua vyuma hudumaza mtoto. Hofu hiyo haina msingi iwapo vyuma ni vyepesi na mwalimu mjuzi yupo akisimamia.

Tatu, ndipo aruke: kamba kwanza, kisha miruko michache ya nguvu, siku mbili kwa juma, huku akipumzika walau siku moja katikati. Miruko ikianza kupungua kimo, zoezi limekwisha. Kuendelea ni kujichosha bure.

Nyumbani, mzazi ana sehemu yake. Maharage, dagaa, mayai na maziwa hujenga misuli, nao usingizi wa saa 8 hadi 10 humrudishia kijana nguvu alizotumia.

Wala asivunjike moyo aliye mfupi. Muggsy Bogues, mwenye kimo cha mita 1.60, aliingia katika ligi kuu ya Marekani mwaka 1987 akacheza misimu 14. Kimo hakichaguliwi, bali magoti yenye afya hulindwa, na ulinzi huo huanza sasa.