Mbele ya Gari la Safari Rally, Inama

Jumapili moja tulitoka Musoma watu watano, wote wagonjwa wa magari, tukaenda Butiama kutembelea Makumbusho ya Mwalimu Nyerere. Wakati wa kurudi kijana mmoja akaniuliza: "Mzee, vitu vya Mwalimu vimetunzwa. Yale magari ya Safari Rally mliyotusimulia yako wapi?"

Moja nalijua liliko. Ni Datsun 240Z lililoshinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, enzi ambazo mashindano yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Nissan wamelihifadhi Zama, Japani, na wamefanya jambo la busara sana: wameliacha na makovu yake. Bodi bado imebonyea palepale ilipobonyea.

Wageni wengi wakifika mbele ya gari la namna hiyo hutazama rangi na namba mlangoni. Mimi nawaambia wenzangu wainame kwanza. Chini ya injini utakuta bamba nene la chuma linalokinga sampu. Jiwe moja likitoboa sampu, oili inamwagika, na injini isiyo na oili hukwama kabla dereva hajajua kilichotokea. Kisha pima kwa jicho nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi. Gari la mashindano ya lami hulazwa chini ili lishike barabara. La Safari liliinuliwa, kwa sababu springi isiyo na nafasi ya kushuka na kupanda huupeleka mshindo wote kwenye bodi, na bodi huanza kupasuka.

Halafu kuna matope, na hapa watu wa mkoa wa Mara hatuhitaji kufundishwa. Kwa miaka mingi Safari ilifanyika Pasaka, yaani masika yenyewe. Anayeufahamu ule udongo mweusi wa upande wa Bunda, kuelekea mbuga za Serengeti magharibi, anajua maana yake. Ni mfinyanzi wenye chembe kama karatasi nyembamba zilizopangwa pamoja. Maji huingia kati ya karatasi hizo na udongo unavimba. Kiangazi hunywea na kupasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukilowa, unaganda kwenye tairi, unajaa ndani ya madigadi, mpaka gurudumu linashindwa kuzunguka. Injini yenye nguvu nyingi haikusaidii hapo. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7.

Gari lililoshinda mwaka huo lilikuwa Peugeot 404. Mwaka 1966 na 1967 likashinda tena mfululizo, safari hiyo chini ya mikono ya Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva wa kutoka Tanzania. Kwangu mimi hilo ndilo gari lenye heshima kuliko yote katika historia ya mashindano haya, nami siombi radhi kwa kusema hivyo. Halikuwa chombo cha ajabu kilichotengenezwa kwa ajili ya mbio tu. Lilikuwa Pijo, ndugu wa Pijo zilizobeba abiria na mizigo kwenye barabara za vumbi Afrika Mashariki nzima: springi za koili kwenye magurudumu yote manne, mwendo mrefu wa kupanda na kushuka, na muundo ambao fundi wa kawaida aliweza kuufungua na kuurudisha kwa spana alizokuwa nazo.

Ndiyo maana nataka Mara iwe na sehemu yake ya kutunzia magari haya, hata kama ni banda la bati tu. Lisitafutwe la mshindi. Pijo lililofanya kazi hapa lina makovu yaleyale chini ya tumbo lake.

Yule kijana analo moja, 404 la babu yake, limelala chini ya mwembe. Juma lililofuata alinipigia simu kwa furaha kuwa ameanza kuliosha. Nilimwambia, "Kijana wangu, osha vioo. Madigadi usiyaguse mpaka nije."