Niliingia kituo atamizi cha chuo kikuu na cheti cha kidato cha nne: haya ndio niliyoyakuta

Wengi mmekuwa mnaniuliza inboksi kuhusu kile kituo cha chuo nilichokuwa nakiposti mwaka juzi. Kilinisaidia nini? Walinipa mtaji? Na wewe ambaye hujasoma sana unaweza kuingia? Leo nawajibu wote kwa pamoja. Ni ndefu kidogo, ila soma mpaka mwisho maana kuna hela yako humu ndani.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi nauza siagi ya karanga hapa Dodoma. Nilianza na sufuria moja na kilo tatu za karanga, wateja wangu wakawa ni watu wa stetasi ya WhatsApp na Instagram. Nimeishia kidato cha nne, na matokeo yenyewe tuyaache yapumzike.

KITUO ATAMIZI NI KITU GANI?

Kuatamia ni kile anachofanya kuku juu ya mayai yake. Anayapa joto mpaka kifaranga atoboe ganda. Kituo atamizi kinafanya hivyo kwa biashara changa: inaingia ikiwa yai, inakaa miezi kadhaa kwenye joto, inatoka ikiwa na miguu yake.

Na hili jina limetoka kwa kuku kweli. Mwaka 1959 kwenye mji wa Batavia, jimbo la New York kule Marekani, kiwanda kikubwa cha zana za kilimo kilikuwa kimefungwa na watu wengi hawana kazi. Bwana mmoja anaitwa Joseph Mancuso, ambaye familia yake ililinunua lile jengo, alishindwa kupata mpangaji mmoja wa kulichukua lote. Akalikatakata vipande, akawapangisha wafanyabiashara wadogo wengi, akawapa na ofisi ya pamoja na ushauri. Mmoja wa wapangaji wa mwanzo alikuwa anatotolesha vifaranga. Ndio ukaanza utani kwamba jengo zima ni mashine ya kutotolesha, na jina likabaki mpaka leo.

Vyuo vikuu vikaja kuona kwamba vina maabara, walimu, wanafunzi na majengo, sasa kwa nini visiatamie? Huku kwetu, pale SUA Morogoro kuna SUGECO, ushirika wa wahitimu wa chuo hicho ulioanza mwaka 2011 kwa ajili ya biashara za kilimo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina kituo chake cha ubunifu na ujasiriamali. Jirani zetu Kenya, chuo cha Kenyatta wana kituo cha Chandaria, na Strathmore wana iBizAfrica.

Mimi niliingia kingine kabisa na sitakitaja jina, maana hili sio tangazo na kuna mengine nitayasema hapa ambayo hawatayapenda.

NILIVYOINGIA

Mteja wangu mmoja, binti wa chuo, alikuja kuchukua kopo akanionyesha tangazo kwenye simu yake. Nikamwambia, "Mdogo wangu, hayo ni mambo ya nyie wenye madigrii." Akasema, "Dada, soma kwanza." Nikasoma. Hawakuwa wametaka cheti. Walitaka mtu mwenye bidhaa na wateja, hata kama ni wachache.

Nikajaza fomu kwa Kiswahili, nikaitwa. Mbele yangu majaji watatu. Wa kwanza akauliza, "Kwa mwezi unauza makopo mangapi?" Nikasema mengi. Akauliza, "Mengi ni mangapi?" Sikujua. Wa pili akauliza faida ya kopo moja, hiyo nikajibu haraka: shilingi 2,150. Akaandika, akatabasamu, hakusema kitu. Nilitoka pale najua nimekosa. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu kwamba nimechukuliwa kwa miezi sita.

SOMO LA KWANZA: ILE FAIDA HAIKUWEPO

Kila biashara ilipewa mlezi. Wangu alikuwa mwalimu wa mambo ya usindikaji wa chakula, mzee mpole, haongei sana. Siku ya kwanza akanipa daftari akasema niandike kila shilingi inayoingia kwenye kopo moja la gramu 400. Mimi nilikuwa nahesabu karanga na kopo tu. Tazama ilivyokuja kuwa:

Karanga: 1,750
Kopo na kifuniko: 600
Stika: 150
Kusaga: 200
Mkaa: 150
Chumvi, sukari na mafuta kidogo: 100
Bando: 150
Bodaboda, kwa wastani: 700
Jumla: 3,800

Nilikuwa nauza 4,500. Kwa hiyo zile 2,150 nilizokuwa najisifia kwa majaji zilikuwa 700 tu. Na hapo sijajilipa mimi mwenyewe, wakati makopo 40 yananila siku mbili na nusu kila wiki. Mara 700 unapata 28,000. Nikamwangalia mzee, nikamwambia, "Mwalimu, kumbe nimekuwa nafanya kazi ya kumlipa bodaboda." Akacheka. Akasema wengi wanaopita kwake wanakuta hivyohivyo.

Ndugu yangu unayeuza viatu, vitenge, keki au vipodozi, acha kusoma sasa hivi, chukua karatasi ufanye hiyo hesabu. Weka bando, weka nauli, weka mfuko wa kufungashia. Usiogope namba utakayoikuta, inakula hela yako hata usipoiangalia.

SOMO LA PILI: GUNIA

Hili ndilo nililokuwa nasita kuliandika.

Mwezi wa pili nikiwa kituoni, nilipata karanga za bei nafuu. Kawaida nanunua kilo 3,500, huyu jamaa akanipa gunia la kilo 80 kwa 2,500 kilo. Aliniambia zilinyeshewa kidogo ila zimeanikwa zikakauka. Laki mbili nilizitoa kikoba. Nikaona nimeokota dodo chini ya mnazi. Kilo 20 za mwanzo zikatoka makopo 40, na ndani ya siku nne nikawa nimeuza 31.

Siku ya mlezi nikaenda na kopo na karanga kidogo mkononi nimwonyeshe nilivyo mjanja wa kununua. Mzee akazimwaga mezani, akazigeuza kwa kidole. Akatenga zilizosinyaa, akatenga zenye rangi ya ajabu. Akaniuliza, "Hizi zililowa?" Nikamwambia kidogo tu. Akanyamaza, halafu akasema nilete sampuli: juu ya gunia, katikati na chini, kwa sababu sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia zima.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na mahindi, hasa yasiyokauka vizuri. Watu wa Dodoma tunaijua kwa machungu. Mwaka 2016 huku kwetu na Manyara watu waliugua na wengine wakafariki kwa kula mahindi yenye hiyo sumu. Ukila kidogokidogo kwa muda mrefu inaharibu ini na inaweza kuleta saratani. Kibaya zaidi, haina harufu wala ladha ya kukushtua. Mimi nilikuwa naamini kukaanga kunaua kila kitu. Kukaanga hakuimalizi.

Sampuli ikapimwa kwenye maabara ya chuo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa nchi zetu za Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kila kilo. Karanga zangu zilikuwa zimepita hapo, tena kwa mbali.

Nawaambia ukweli wangu. Kitu cha kwanza nilichofikiria sio wateja, ni kikoba. Nilikuwa na kilo 60 zimebaki, hela ya watu 150,000 imekaa sakafuni, na hakuna mtu mtaani angejua. Nikamuuliza mzee, "Nikizichambua vizuri haziwezi kupona?" Akasema kuchambua kunasaidia kwa karanga nzuri zenye mbovu chache, ila gunia hili lote limeshaharibika. Halafu akaniuliza, "Hayo 31 umemuuzia nani?"

Nikakumbuka mama mmoja wa Area A ambaye huwa anachukua kwa ajili ya uji wa mtoto.

Usiku ule nikakaa na simu. Wote 31 nilikuwa nao kwenye WhatsApp, hilo ndilo jema la kuuza mtandaoni. Nikampigia mmoja mmoja, sikutuma meseji. Nikawaambia karanga zile zimepimwa zimekutwa na shida, usile, tupa, nakurudishia hela yako. Wateja 19 walichukua hela, 85,500 ikatoka. Tisa walisema niwape kopo lingine nikipata karanga nzuri. Watatu hawakupokea mpaka leo, nikawaandikia, tiki zikabaki moja. Hao watatu bado huwa nawakumbuka.

Yule mama wa Area A alikaa kimya muda mrefu kwenye simu. Kisha akasema, "Sawa, mwanangu. Asante kwa kusema." Hakuwahi kununua tena, na simlaumu.

Gunia tulilifukia. Kikoba nililipa kwa miezi minne, na kuna wiki nilikula ugali na chumvi kwa aibu ya kukopa tena.

Sasa hapa ndio jibu la swali lenu la "walikusaidia nini". Bila ile meza na ile maabara, ningeuza yale makopo 40, ningesaga zile kilo 60, na ningewaposti wateja wakitabasamu na siagi yangu. Maabara ipo mjini miaka yote. Mimi sikujua hata mlango gani nigonge, wala nigonge kwa sababu gani.

YALIYOFUATA

Niliposimama tena nilibadilisha mambo haya. Sinunui karanga zilizolowa hata ziwe bure. Nachambua kwa mkono kabla ya kukaanga na tena baada ya kumenya. Naweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, juu ya chaga, sio chini sakafuni. Kila kopo lina tarehe na namba ya mzigo, ili likitokea jambo nijue nimpigie nani. Bodaboda analipa mteja. Bei imepanda kutoka 4,500 hadi 6,000. Nilipoteza wateja kadhaa wa bei, ila waliobaki wananiachia kitu mfukoni.

Kituo pia kilinishika mkono kwenye makaratasi: jina la biashara BRELA, ambalo linasajiliwa mtandaoni, TIN ya TRA, ambayo ni bure, barua ya utambulisho ya SIDO, kisha safari ya TBS.

MABAYA YAKE

Sitaki uende ukiwa umefumba macho. Hawakunipa mtaji hata shilingi. Vipindi vingi vilikuwa asubuhi, saa ambazo mfanyabiashara ndio anatafuta riziki. Wenzangu wawili waliacha kwa sababu hiyo. Kuna wiki nzima tulifundishwa kutengeneza slaidi za kuwashawishi wawekezaji, wakati mwenzetu wa sabuni alikuwa anatafuta ndoo tu. Na miezi sita ikiisha, imeisha. Kifaranga akishatoka hamrudishi kwenye ganda. Nilijikuta mwenyewe mapema kuliko nilivyotegemea.

KABLA HUJAJAZA FOMU

1. Uliza kama wanachukua hisa kwenye biashara yako. Vipo vinavyochukua na vipo visivyochukua. Soma mkataba mpaka mwisho, na usiposoma vizuri tafuta mtu akusomee.
2. Uliza wana vifaa gani vinavyohusu bidhaa yako. Wewe wa vyakula tafuta chuo chenye maabara ya chakula. Wewe wa programu za simu tafuta chenye watu wa kompyuta.
3. Uliza ratiba. Kama hawana jioni wala wikiendi, panga nani atakaa na biashara.
4. Nenda na namba zako: unauza vingapi, kwa bei gani, kinabaki nini. Usijibu "mengi" kama mimi.
5. Ukiombwa utume hela ya fomu kwenye namba ya mtu binafsi, nenda chuoni kwa miguu yako ukaulize kwanza. Matapeli wanajua tuna njaa ya fursa.
6. Ukikosa nafasi, SIDO wana ofisi mikoani. Anzia hapo.

Na ukishaingia, peleka mezani kile unachokionea aibu. Mimi nilikwenda kuonyesha ujanja wangu wa kununua, na kwa bahati tu ndio ukakutwa ugonjwa. Mlezi hawezi kutibu kidonda ulichokifunika kwa leso.

Hesabu yako ya kopo moja, au kiatu kimoja, ikikataa, niandikie inboksi tuipige pamoja. Mpelekee na mwenzako anayeuza karanga, tafadhali.