Je, Wajua? Bata mwitu anaweza kubeba mafua ya ndege bila kuugua

Kila mwaka, kuanzia Oktoba hivi, bata mwitu kutoka Ulaya na Asia hutua katika maziwa ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru nchini Kenya. Baadhi yao wanaweza kuwa na virusi vya mafua ya ndege bila dalili yoyote. Aina hafifu za virusi hivyo huzaliana hasa ndani ya utumbo wa bata, zikatoka na kinyesi hadi majini, na bata mwingine akazinywa. La kustaajabisha ni kinga yao: aliyewahi kuambukizwa aina moja hupata ulinzi wa kiasi dhidi ya aina zenye nasaba ya karibu. Bata wachanga, ambao bado hawajaijenga, ndio huambukizwa zaidi.

Kuku hana bahati hiyo. Virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H5 au H7 vikiingia bandani vinaweza kugeuka vikali na kuua karibu kuku wote kwa siku chache. Januari 2017, aina kali ya H5N8 ilipothibitishwa Uganda kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya ilipiga marufuku kuku kutoka huko. Aina kali huua hata ndege wa porini, kwa hiyo ukikuta mizoga ufukoni usiiguse. Mwarifu daktari wa mifugo.