Kutoka Gatumba hadi Karema: njia ya maji yenye lugha ya Kifaransa

GATUMBA, Bujumbura. Barabara inayotoka Bujumbura kwenda Uvira huvuka daraja la mto Rusizi, kisha huingia Gatumba kabla ya kufika mpakani mwa Kongo. Ni mji wa wavuvi, wakulima na wafanyabiashara wadogo. Asubuhi baiskeli zilizosheheni mizigo hupishana na malori, na anayesubiri zamu yake mpakani husikia Kirundi, Kiswahili na Kifaransa kabla hajamaliza chai yake.

Mgeni anayetafuta miji ya kale na mandhari ya maji yenye kumbukumbu za Kifaransa huambiwa aende Ulaya. Lakini hapa ipo njia ya namna hiyo, na kwa wakazi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki haihitaji viza ya Paris. Inaanzia kwenye mdomo wa Rusizi na kushuka kusini kwa ziwa Tanganyika.

Mdomo huo wenyewe una historia. Mwaka 1858 Richard Burton na John Speke walifika Uvira wakitumaini kwamba Rusizi inatoka ziwani, hivyo huenda ndiyo chanzo cha Nile. Wenyeji waliwaambia kuwa mto unaingia, hautoki. Hawakufika kujionea. Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walikuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji, wakakuta wenyeji walisema kweli tangu mwanzo. Jiwe lenye majina yao na tarehe 25 Novemba 1871 lipo Mugere, kusini mwa Bujumbura. Leo eneo la mdomo wa mto ni hifadhi ya taifa, na watalii hupanda boti kutazama viboko, mamba na ndege wa majini.

Kuhusu Kifaransa, kuna jambo ambalo wengi hulichanganya. Ufaransa haikuwahi kuitawala Burundi. Walianza Wajerumani, wakafuata Wabelgiji, na ndio walioleta Kifaransa cha ofisi na shule. Wafaransa wenyewe walitangulia kwa njia nyingine, wakiwa na misalaba. Shirika la Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la White Fathers, lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Mfaransa mzaliwa wa Bayonne. Mwaka 1879 mapadri wake walifungua kituo Rumonge, kwenye pwani ya Burundi. Hawakudumu. Mei 1881 wamisionari watatu waliuawa hapo na kituo kikafungwa.

Shirika likashikilia zaidi kusini. Mwaka 1885 lilikabidhiwa vituo viwili vilivyokuwa vya mfalme Léopold wa Ubelgiji: Karema, ambayo leo ipo Tanzania, na Mpala, upande wa Kongo. Huko ndiko lilikokulia jina la Léopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa askari wa Papa kabla ya kuja kulinda vituo hivyo dhidi ya wawindaji wa watumwa. Alioa mwanamke wa huko, akabaki, akafa mwaka 1927 bila kurudi kuishi kwao. Karema nayo inamkumbuka Adrien Atiman, aliyetekwa utotoni Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari, akasomea tiba Malta na kuwatibu watu wa Karema tangu mwaka 1889 hadi alipofariki mwaka 1956. Kati ya wawili hao, pengine Atiman ndiye anayestahili safari zaidi.

Tatizo ni kufika. Meli kongwe ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani na kushushwa majini Kigoma mwaka 1915, iliacha kubeba abiria ikisubiri ukarabati. Vita vya mashariki mwa Kongo vimeifanya pwani ya magharibi kuwa ya mashaka, na Februari 2025 makumi ya maelfu ya watu walivuka Rusizi wakikimbilia Burundi. Burundi imo katika Jumuiya tangu 2007 na Kongo tangu 2022, lakini uanachama haujamwondolea msafiri wa ziwani adha ya kupanga safari nchi kwa nchi.

Kwa mkazi wa Gatumba, hata hivyo, maji si mandhari. Aprili 2020 Rusizi ilivunja kingo zake, nyumba zikazama na maelfu wakahama. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu hapo, ziwa nalo likipanda. Mitumbwi ikapita palipokuwa vichochoro, na viboko wakasogea karibu na makazi.

Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha karibu mita 1,470, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu: mto Lukuga, pale Kalemie, mji ulioitwa Albertville enzi za Wabelgiji. Lukuga ukijaa mchanga na majani, maji hurudi nyuma. Ilitokea hivyo miaka ya 1870. Ziwa lilipanda hadi kizuizi kikabomoka mwaka 1878, kisha likashuka mita kadhaa. Mapadri wa Rumonge walifika maji yakiwa yanarudi. Ndiyo sababu pia mnara wa Livingstone pale Ujiji, unaoonyesha walipokutana na Stanley, leo upo mbali na ufuko.

Kwa hiyo hatima ya mitaa ya Gatumba inategemea kwa sehemu mto ulio karibu kilomita 300 kusini, katika nchi nyingine. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, inayounganisha Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, ina makao yake Bujumbura, mwendo mfupi tu wa gari kutoka daraja la Rusizi. Kabla hazijazungumzwa boti za watalii wa Karema, wenye nyumba zilizozama wanasubiri kusikia nini kitafanyika Kalemie.