Popo wa Kagera na Somo la Mgodi wa Kitaka

Jua likishazama Nyakasimbi, wilayani Karagwe, popo huanza kuruka juu ya migomba kwenda kutafuta matunda. Asubuhi watoto hukuta mapera na maembe yaliyomegwa yametapakaa chini ya miti. Wapo wanaoyaokota, wakakata palipong'atwa na kula panapobaki. Ni jambo dogo, lakini wanasayansi wamehangaika kwa miaka zaidi ya 40 kuelewa kwa nini lisifanyike.

Machi 21, 2023, aliyekuwa Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba homa iliyokuwa ikiua watu Bukoba Vijijini ni ugonjwa wa virusi vya Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Tanzania. Waliougua ni 9, waliofariki ni 6. Septemba 2024 ikawa zamu ya Rwanda, ambako watu 66 waliugua na 15 wakafariki. Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko mwingine, safari hii Biharamulo. Wagonjwa 10 walihesabiwa, 2 wakiwa wamethibitishwa maabara na 8 wakidhaniwa kuwa nao, na wote walifariki. Ukitazama ramani, wilaya zetu za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ziko katikati ya matukio haya yote.

Jina la ugonjwa limetoka mbali. Mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara katika miji ya Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, iliyokuwa Yugoslavia, waliugua baada ya kushughulika na tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliambukizwa, 7 wakafa. Tumbili nao walikuwa wakifa, kwa hiyo hawakuweza kuwa makao ya kudumu ya kirusi hicho. Kirusi kinachodumu msituni huhitaji mnyama anayekibeba bila kuangamia.

Jibu la mnyama huyo ni yupi lilipatikana jirani yetu. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, karibu na Ibanda, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Ndani ya mgodi waliishi popo zaidi ya 100,000 wa aina iitwayo kitaalamu Rousettus aegyptiacus, popo wala matunda wanaolala mapangoni. Watafiti wa Uganda, Marekani na Afrika Kusini waliingia humo wakiwa wamejifunika mwili mzima, wakawakamata popo kwa nyavu na kuchukua damu pamoja na vipande vya ini na bandama. Katika popo 611 waliopimwa, takriban 5 kwa kila 100 walikuwa na chembe za urithi za kirusi. Kutoka kwa popo watano, kirusi hai kilioteshwa maabara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, na mbebaji akawa amejulikana.

Kazi iliyofuata katika Pango la Chatu, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, ilifichua jambo la ajabu zaidi. Popo hawa huzaa mara mbili kwa mwaka. Mtoto huzaliwa na kinga ya mama yake, lakini kinga hiyo huisha baada ya miezi michache. Afikapo umri wa miezi sita hivi ndipo huambukizwa kwa wingi, na ndipo hutoa virusi kupitia mate, mkojo na kinyesi, ilhali mwenyewe haonekani kuumwa. Vipindi vya hatari ni kama Desemba hadi Machi, kisha Juni hadi Septemba. Watafiti walipopitia visa vya binadamu vilivyotokana na wanyama, zaidi ya 80 kwa kila 100 viliangukia vipindi hivyo. Sasa tazama tena tarehe zetu: Machi, Septemba, Januari.

Mtu akisikia haya, wazo la kwanza ni kuwaua popo. Kitaka walijaribu. Mwaka 2008 popo wa mgodi ule waliangamizwa. Mwaka 2012 Ibanda ilikumbwa na mlipuko mkubwa wa Marburg kuliko wowote uliowahi kuipata Uganda. Watafiti waliporudi mgodini walikuta popo wachache wamerejea, ila safari hii 13 kwa kila 100 walikuwa na kirusi, zaidi ya mara mbili ya awali. Inadhaniwa kwamba popo wazee wenye kinga waliuawa, nafasi zao zikachukuliwa na vijana wasio na kinga, na kirusi kikapata malisho mapya. Aliyetaka kuzima moto aliuchochea. Isitoshe, popo wala matunda ndio wanaosambaza mbegu za miti ya misitu yetu, mvule ukiwamo.

Njia iliyo salama ni kila mmoja abaki kwake. Tunda lililong'atwa na popo litupwe lote, na matunda mengine yaoshwe kabla ya kuliwa. Watoto wasicheze mapangoni. Mchimbaji wa bati wa Kyerwa akikuta shimo lenye popo, asiingie, atoe taarifa kwa viongozi. Virusi hivi hufa kwa maji na sabuni, kwa hiyo kunawa mikono ni kinga ya kweli, si desturi tu. Na kwa kuwa mtu humwambukiza mwenzake kwa damu, jasho na matapishi, mwenye homa kali ya ghafla, anayetapika au kuharisha, apelekwe kituo cha afya mapema, na akifariki, maiti isioshwe nyumbani kabla ya wahudumu kufika.

Hadi leo hakuna chanjo ya Marburg iliyoidhinishwa. Kinga tuliyo nayo ni maarifa, na maarifa hayo yamepatikana kwa watu waliokubali kuingia gizani pangoni ili sisi tusilazimike kuingia. Tuyatumie, na popo tuwaache mapangoni mwao.