Mishipa ya Miguuni Siyo Uchawi

Tazama miguu ya mtu anayesimama kutwa, kama mpishi wa shule. Pengine utaona vimishipa vyembamba vyekundu au vya buluu, kama utando wa buibui. Wengine husema karogwa. Siyo kweli.

Moyo husukuma damu hadi vidoleni. Damu hiyo lazima ipande tena. Ndani ya mishipa inayoirudisha mna vilango vidogo. Damu ikipita, vilango hujifunga ili isishuke. Vikilegea, damu hushuka, hujaa, na mshipa hutanuka. Mimba huleta hali hii, na wengine huirithi kwa wazazi.

Vile vyembamba kwa kawaida havina hatari. Ziko hospitali zinazovitibu kwa leza, yaani mwanga mkali sana. Mwanga huo hupita kwenye ngozi, hukichoma kimshipa, nacho hufifia polepole. Lakini ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga. Inaweza kuungua na kubaki na madoa, kwa hiyo inataka leza inayoifaa na mtaalamu anayeijua. Tena mara nyingi ni urembo tu. Usiuze mbuzi kwa ajili hiyo!

Mishipa minene iliyojikunja ndiyo ya kuangalia. Ikipasuka damu hutoka nyingi, hata mtu anaweza kufa. Basi mlaze chini upesi. Inua mguu juu, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, usiachie kwa dakika 10. Usikaze kamba pajani. Kisha mpeleke hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda siku hiyo hiyo.