Somo la kliniki lisiwaache bibi na baba nje

Katika vituo vingi vya afya Tanzania, siku ya kliniki ya mjamzito huanzia kwenye benchi. Kabla ya kupima uzito na shinikizo la damu, muuguzi husimama mbele na kufundisha: lishe, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, dalili za hatari, maandalizi ya kujifungua. Somo huwa fupi kwa sababu foleni ni ndefu. Maswali nayo huwa machache, maana si rahisi kuuliza habari za mwili wako mbele ya watu usiowajua.

Somo hilo lina thamani kubwa. Mama anayejua kwamba kuumwa sana kichwa, kutoona vizuri na kuvimba uso vinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba hatasubiri tarehe ijayo ya kliniki. Tatizo ni kwamba mafunzo mengi huishia mlangoni mwa chumba cha kujifungulia, na hapo ndipo hatari kwa mtoto inapoanza.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), watoto milioni 2.3 walifariki mwaka 2022 kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Takriban robo tatu ya vifo vya umri huo hutokea katika wiki ya kwanza. Wakati huo mama wengi wameshatoka hospitali. Mzazi yuko nyumbani, amechoka, ana maumivu, na mara nyingi si yeye anayeamua.

Anayeamua ni mama mkwe, mama mzazi au shangazi aliyekuja kumhudumia, pamoja na mume mwenye nauli mfukoni. Hao ndio wanaomwogesha mtoto na kushika kitovu. Mtoto akionekana ana kiu, anapewa maji. Akilia usiku, inatafutwa dawa ya chango. Mama alishaambiwa kliniki kwamba hadi miezi 6 mtoto anahitaji maziwa yake tu, hata maji hayahitajiki, lakini binti wa miaka 20 atabishana vipi na mwanamke aliyelea watoto sita?

Bibi si adui. Anajua kumbeba mtoto, kumpikia mzazi mtori na kumpokea mtoto ili mama alale, mambo ambayo hayafundishwi kwenye benchi. Anachokosa ni taarifa mpya. Enzi zake huenda aliambiwa dang'a ni maziwa machafu yakamuliwe na kumwagwa. Leo inajulikana kuwa dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na anatakiwa kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa.

Ndivyo ilivyo hata kwa arobaini. Desturi ya mzazi kukaa ndani siku 40 inampa mapumziko anayoyahitaji, ila uchunguzi hausubiri. WHO inapendekeza mama na mtoto waangaliwe katika saa 24 za kwanza, kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na tena wiki ya 6. Bibi aliyeyasikia hayo kwa muuguzi mwenyewe ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema, "Vaeni, twendeni."

Zipo dalili ambazo kila aliye ndani ya nyumba anapaswa kuzijua. Mtoto mchanga anayekataa kunyonya, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anayebonyea kifua akivuta pumzi, aliyelegea, mwenye joto kali au mwili wa baridi, mwenye viganja na nyayo za njano au kitovu kinachotoa usaha, apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane. Degedege bado wapo wanaoihusisha na mashetani; kumpitisha mtoto kwa mganga kwanza ni kupoteza muda ambao hana.

Baba naye hualikwa kliniki, ila mara nyingi kwa ajili ya kipimo cha VVU cha wenza. Akishapimwa, kazi yake imekwisha. Kumbe angefundishwa kutafuta mapema dereva anayepokea simu usiku, kuweka akiba, na kutambua sonona kwa mkewe anayelia kila siku wiki kadhaa baada ya kujifungua. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwaka 2012, ilituma ujumbe wa simu bila malipo kwa wajawazito, na wenza wao pia waliweza kujisajili. Ilionyesha kwamba somo linaweza kufika nyumbani.

Kwa sasa, mjamzito mwenye kliniki mwezi huu anaweza kwenda na yule atakayekaa naye akijifungua. Na huyo ndiye aulize: kitovu kipakwe nini, mtoto aogeshwe lini, turudi siku gani.